Mavi ya Kuletwa

Alhamisi, alasiri. Jua la Tabora leo halina adabu, lakini kichefuchefu nilichonacho si cha jua.

Nimerudi nyumbani, mtaa wa Ng'ambo, sasa hivi kutoka mgodini. Nimeoga mara mbili na bado najiona nanuka.

Kwa msioijua kazi yangu: kila mwaka naitwa kuhesabu wanyama waliobaki kwenye pori lililo nyuma ya mgodi. Digidigi ni mwoga, humwoni kirahisi, kwa hiyo tunatembea kwa mstari na kuhesabu kinyesi chake. Kikiwa kingi, ripoti itasema mgodi hauwadhuru, na wenye mgodi wataruhusiwa kufyeka kipande kingine cha pori wachimbe bwawa la maji ya sumu. Saini ni yangu.

Kwenye ripoti tunaandika kinyesi. Leo naandika mavi.

Mwaka huu niliomba kutembea na Mama Kabula, mwenyeji wa kijiji cha jirani, anayeokota uyoga humo kila msimu wa mvua tangu usichana wake. Ofisa mazingira wa mgodi alinuna, lakini akakubali. Tukaanza. Hatua ishirini, mavi. Hatua ishirini nyingine, mavi tena. Mimi najaza fomu, roho kwatu! Mama Kabula akachuchumaa, akayageuza kwa kijiti, akaangua kicheko mpaka khanga ikamdondoka.

"Mwanangu, digidigi ana choo chake. Anarudi palepale kila siku. Huyu wenu anadondosha kila baada ya hatua, kwani anapanda mahindi?"

Uso ulinishuka. Maana hilo nalijua! Nilifundishwa chuoni, na kwenye mtihani nikalijibu. Tukayaangalia vizuri: yamekaa juu ya majani makavu yaliyodondoka juzijuzi, tena yana udongo mwekundu, wakati huku kwetu ni mchanga mweupe mtupu. Mbele kidogo, nyuma ya mti, tukakuta kiroba kimekunjwa, ndani zimebaki punje chache za mavi yale yale. Yaani mtu mzima katumwa mbali huko, kazoa mavi, kayapakia kwenye gari, kaja kuyamwaga hatua kwa hatua. Ptuu!

Nilipomwonyesha ofisa kile kiroba, hata haya hakuona. Akaniambia, "Dada, wewe hesabu ulichokiona. Kilikotoka hakukuhusu." Akanipa soda ya baridi. Niliiacha juu ya boneti la gari lake.

Ila ngoja niseme ukweli, maana unanichefua kuliko yeye.

Mwaka jana nilipita humo humo, peke yangu. Mavi yalikuwa hivyo hivyo, hatua kwa hatua. Sikujiuliza. Nilitaka sana wawepo, basi nikawaona. Nikasaini, na haukupita muda wakafyeka upande wote wa mashariki. Siku ile niliandika hapa hapa mtandaoni, "Digidigi wamerudi!" nanyi mkanipongeza.

Leo kwenye fomu nimeandika: digidigi, sufuri; mavi ya kuletwa, kiroba kimoja. Nimesaini. Mwakani wasiponiita, basi wasiniite.

Ule ukurasa wa mwaka jana siufuti. Usomeni, mnione nilivyo.

Tulipokuwa tunaagana, Mama Kabula aliniuliza mwaka jana alihesabu nani. Nikamjibu ni mimi. Hakucheka tena. Alifunga khanga yake vizuri, akasema upande wa mashariki ndiko alikokuwa akiokota uyoga.

Kesho asubuhi narudi kwake. Nikishamaliza shikamoo, sijui nitasema nini.