Ncha ya Kekee Katika Gego la Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nisaidie, Jumatatu nimefanya kosa kubwa. Mimi ni msaidizi wa Bwana wa meno, Mjerumani, hapa Arusha, naye amenifundisha kusafisha mzizi wa jino ili lising'olewe, akanipa magego yaliyokwisha kung'olewa, yenye mizizi iliyopinda, nijaribu vyombo viwili, na kekee ngumu ya kuzungusha ilimaliza upesi lakini ikatoboa ubavu wa mizizi minne katika sita, na tupa nyembamba inayofuata kona ilinichosha ila haikutoboa hata mmoja, basi nilijua kabisa kwamba tupa ndiyo salama. Sasa Bwana akiwa safarini Moshi akaja mama yake Nosim, mchumba wangu, kutoka Kisongo, analia na gego, hataki ling'olewe, anasema, "Meno mawili ya mbele ya chini nilitoa kwa mila, la tatu sitoi." Nawe wajua kwetu mkwe hatazamwi usoni, sembuse kinywani, nikaona aibu, nikageuza macho, nikashika kekee ili nimalize haraka, mara ikakatika, ncha ikabaki ndani, nami nikaziba jino nikasema, "Tayari, mama." Akanibariki! Leo shavu lake limevimba, harusi ni mwezi ujao, nikisema watavunja uchumba. Nifanyeje?

Meitamei

Meitamei mwanangu, pole. Aibu ya mkwe naijua, nami nimeoa huko huko kwenu. Lakini ni aibu gani hiyo inayokataza macho na kuruhusu chuma? Ungemfunika uso kwa kitambaa ukaacha kinywa tu, ukaketi na tupa yako asubuhi nzima. Haraka haraka haina baraka. Umejaribu kwa mikono yako mwenyewe, kisha siku ya mtu hai ukachukua chombo kilichoshindwa! Nimekasirika, sikufichi.

Usingoje kesho. Tuma mtu Moshi amwite Bwana, kisha nenda Kisongo na Nosim, useme mbele ya baba yake: chuma kimo ndani, kosa ni langu. Toa kile kizibo usaha upate njia. Bwana ndiye atakayejaribu kupitisha tupa nyembamba kando ya ncha. Ukishatoa kizibo, wewe usiguse tena. Ikishindikana, gego litoke, nawe ndiye utakayemwambia mama hivyo. Wakivunja uchumba utalia, kisha utapona. Uvimbe ukishuka shingoni, yeye hatapona. Mama yule aliweka mila kando akakufumbulia kinywa. Sasa fumbua chako.