Jibu Lililomwangukia Mzee Njoroge

Jumatano, Julai 2007. Baridi haijaachilia mji tangu asubuhi, na mimi sijatia kitu mdomoni.

Ninashughulikia kompyuta katika kliniki ndogo karibu na Adams Arcade. Kila asubuhi programu niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, hukusanya majibu ya maabara na kumtumia imeli Sista Mumbua, muuguzi wetu. Majibu hukaa katika kile Python inachokiita kamusi: jina la mgonjwa, kisha jibu lake. Mimi nilikuwa nikiituma kamusi hiyo vile ilivyo. Mabano, alama za kunukuu, majina thelathini yamefuatana bila pumzi wala mpangilio.

Mwezi uliopita Sista aliniambia, "Hii kitu yako inaniumiza macho. Huwezi kuipanga?"

"Utazoea tu, Sista."

Ingenichukua nusu saa.

Ijumaa iliyopita Sista aliichapa orodha hiyo kwenye karatasi. Jina la Mwalimu Mutheu likaangukia mwisho wa mstari, na jibu lake, "ana TB", likashuka chini, likagusana na jina la Mzee Njoroge. Sista akampa mzee jibu hilo. Mwalimu, ambaye jina lake lilibaki kando ya jibu safi la mgonjwa aliyemtangulia, akaambiwa yuko sawa, arudi kazini.

Leo maabara wamepiga simu kuuliza mbona Mwalimu hajaanza dawa.

Mzee Njoroge alipoitwa na kuelezwa kwamba hana TB, alivua kofia. Kisha akasema, "Siku tano nalala stoo. Mjukuu wangu analia mlangoni, na mimi namfukuza."

Mwalimu Mutheu alikuja mchana kutoka mtaa wa Mountain View. Hakulalamika. Alimeza dawa za kwanza mbele yetu, akauliza, "Na wale watoto wa darasa langu?" Wataitwa wapimwe, wote.

Daktari wetu aliinua ile karatasi. "Nani alisoma hii?"

"Ni mimi, daktari," Sista akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Nilitazama viatu vyangu.

Alasiri nimeirekebisha programu. Sasa kila jina lina mstari wake, kwa mfuatano wa alfabeti, na nafasi tupu zimeongezwa baada ya majina ili majibu yote yasimame wima upande wa kulia. Orodha hiyo hiyo huhifadhiwa kwenye faili, isomeke hata na mtu asiyejua kompyuta ni nini. Nimemtumia Sista orodha ya kujaribia. Ameisoma yote bila kuweka kidole, akasema, "Sasa hii mtu anaweza kusoma." Afadhali angenigombeza.

Kesho daktari atamwandikia Sista barua ya onyo.

Sista ana miaka kumi na tisa katika kazi hii. Mimi nina miwili, na kiburi.

Nimemwandikia daktari imeli. Nimeweka orodha ya Ijumaa kama ilivyokuwa, na maneno ya Sista ya mwezi uliopita, na jibu langu.

Nimeituma kabla sijabadili nia.