Kifaru cha Luvungi, Upande wa Ruzizi

Kaka Safari,

Kifaru cha vita kilichokuwa kwenye shamba letu la Luvungi kilikatwa na kuuzwa mwezi wa saba mwaka huu, na pamoja nacho tumepoteza alama ya pekee ya kaburi la Baba. Nimeanza na hilo ili usije ukasema barua ilikuwa ndefu na hukuona inataka nini.

Sasa nikusalimie, maana wewe ni mukubwa wangu na hilo halibadiliki. Hamjambo hapo Mulongwe? Mto umetulia, ao bado unaingia nyumbani bila kubisha hodi? Na mgongo wako? Dada yetu Furaha aliniambia ulikuwa huwezi kuinama hata kufunga viatu. Mimi ni mzima. Baridi imeanza na magoti yananisumbua, kwa sababu mtu anayeweka karo, vigae vya sakafu, anaishi kwa magoti. Lakini gari la kazi sasa ni langu, na jina lililoandikwa ubavuni ni langu, siyo la patron aliyeniajiri.

Ninakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu unaikata. Anayeileta barua ni mama mmoja wa kwetu anayepitia Bujumbura. Nimemwomba aiweke mkononi mwako, asimpe mtoto yeyote.

Unakumbuka mara ya mwisho ulipopokea? Nilikuuliza kwa nini ulikata kile chuma bila kutuambia, ukacheka.

"Chuma kilikuwa cha nani, Byamungu? Cha Baba? Baba alikuwa na blinde?"

"Baba amelala pale," nikasema.

"Na minye nalala wapi? Weye uko Ulaya, unakanyaga karo. Minye naamka, ndala zinaelea kando ya kitanda."

Hapo simu ikakatika, na tangu siku hiyo haijapokelewa. Kuhusu ndala sikubishii. Wala sikuulizi ulilipwa nini. Nyumba imeingiwa na maji, watoto wanasoma, hiyo hesabu ni yako na sitaigusa.

Lakini Mama alinipigia kutoka Rugenge, kwa simu ya Furaha. Alikuwa ametoka shambani. Furaha anasema Mama alizunguka pale kilipokuwa kifaru, akasimama, akazunguka tena. Udongo ulikuwa umesawazishwa, na mtu uliyemkodishia shamba ameshalima matuta juu yake. Mwishowe Mama akasema warudi. Kwenye simu hakulia. Aliniuliza tu: "Sasa siku yangu ikifika, watanilaza kando ya nani?"

Unajua ombi lake kuliko mimi. Wewe ndiwe uliyechimba. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika kitambaa cha Mama, risasi zinapita barabarani na hakuna wa kumfikisha Baba makaburini. Ulichimba ukiwa umepiga magoti, ukijikinga nyuma ya kile chuma, na hukuruhusu mtu mwingine ashike jembe. Hilo sijalisahau, na nitalisema mbele ya yeyote.

Msalaba hatukuweka. Tulisema mti utaliwa na mchwa, ao mtu ataukata apikie, lakini blinde, kifaru kizima, nani ataibeba? Sote tulikubaliana, hata baba mdogo. Ndiyo maana sikulaumu peke yako. Tulimpa Baba jiwe la kaburi lisilokuwa letu, kisha tukalizoea. Mama aliendelea kuanika mihogo juu yake, mahali kuku na nguruwe hawafiki, na tukiuliza Baba yuko wapi alionyesha kwa mkono wenye unga: upande wa mto Ruzizi, kutoka kwenye mnyororo wa magurudumu, umbali wa mpini mmoja wa jembe.

Na mimi, miaka yote hii, nimekuwa nikijisemea: nikirudi nitalijengea, nitaliwekea karo. Hapa nimeweka karo jikoni na bafuni kwa watu ambao majina yao siwezi hata kuyatamka vizuri. Kaburi la mita mbili ni kazi ya siku moja kwangu. Siku moja, kaka, na sikuja.

Basi nikafanya nililoweza. Chini ya chumba changu anaishi mjane mmoja, Madame Odette. Marehemu mume wake alikuwa akiunda vifaru vidogo vya plastiki, vile vya vita vya wazungu vya zamani, na amemwachia kabati zima la makasha ambayo hakuyafungua. Nilimtengenezea sakafu, akaniambia nichague kasha. Nikayapekua mpaka nikapata kimoja chenye magurudumu matano kila upande na lile la meno likiwa nyuma, kama chetu. Kipimo chake ni moja kwa thelathini na tano. Nilitaka kumtumia Mama akishike mkononi, aweke kidole: hapa. Kisha Furaha apige picha, nami nipate kwa hesabu mahali pa kaburi shambani.

Usicheke. Vipande vinakuja vimeshikamana na fremu kama samaki kwenye wavu. Unakata kimoja kimoja kwa wembe, unasugua, unapaka kole, ile gundi, kwa ncha ya kijiti, unashikilia na kuhesabu. Ukiharakisha, kole inayeyusha plastiki na kipande kinapinda. Niliharibu gurudumu moja, nikafurahi, kwa sababu chetu nacho kilikosa moja. Mzinga niliuinamisha kama ulivyokuwa umeinama. Kutu niliipaka kwa rangi ya kahawia na unga wa matofali. Mihogo niliitengeneza kwa maganda ya mayai, nikayavunjavunja na kuyapanga mgongoni.

Madame Odette akapanda kuangalia. "Hiyo nyeupe ni theluji?"

"Hapana, mama. Ni mihogo. Inakauka."

"Juu ya kifaru?"

"Mama yangu ndivyo alivyofanya."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. "Mume wangu alijaza nyumba vifaru, hakuna hata kimoja kilichokuwa na chakula juu. Angekuwa hai angekufukuza."

Ikabaki kukiweka kwenye udongo wake. Nilikoroga saruji ya kuzibia karo juu ya ubao, ikawa nzito kama tope letu la masika, nikakikandamiza mpaka mnyororo ukazama nusu ya magurudumu, kama tulivyokikuta utotoni. Nikakata kipande cha kadibodi, karibu sentimita sita, ndiyo mita mbili za Baba, nikakilaza upande wa Ruzizi, umbali wa mpini.

Madame Odette akasema, kwa utani tu: "Sasa umekizika. Saruji ikikauka utakitoaje?"

Nikamjibu: "Nitachimba kando ya mnyororo."

Kaka, nilisikia mdomo wangu ukisema hivyo, nikauweka mwiko chini. Yeye akaniuliza kama naumwa.

Nilipima. Mpini wa jembe ni mita moja, kwenye ubao ni kama sentimita tatu. Mnyororo ule ulikuwa umezama, umeshikwa na mizizi ya miaka. Mtu hawezi kuukata kwa moto bila kuufunua, na hawezi kuufunua bila shimo la kuingia yeye na chombo chake cha moto, akikunja magoti. Mimi nafanya kazi nikiwa nimekunja magoti, najua nafasi inayotakiwa. Niliweka alama ya shimo hilo. Likaishia juu ya kadibodi.

Labda walikata cha juu tu, mnyororo wakauacha chini. Nilijishikiza kwa wazo hilo kwa siku kadhaa. Nikamuuliza Furaha, bila kumwambia sababu, kama kuna chuma kilichobaki. Akasema mwenye kulima amepitisha jembe kote na hakugonga kitu.

Ndipo nikaelewa kwa nini simu haipokelewi. Nilidhani ni hasira. Sasa sidhani tena hivyo, na ningependa ingekuwa hasira.

Mama sijamwambia. Furaha sijamwambia. Kifaru kipo mezani hapa, sikukituma, kwa sababu nikikituma Mama ataweka kidole na mimi nitajua anaonyesha wapi.

Nisalimie Mapendo, muke wako, umwambie nakumbuka alivyokuwa ananifichia samaki mkavu. Wabusu watoto wako wote wanne. Baba mdogo, mukatekista wetu, aliyemwombea Baba kwa sauti ya chini siku ile ili tusisikike, mpe heshima zangu.

Sitaki maelezo kuhusu maji, wala kuhusu Ulaya. Ukodishaji ukiisha mwezi wa kumi, Mama anataka kurudi shambani na padri. Kwa hiyo nijibu kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi huo, kwa mkono wako ao kwa simu, lakini wewe mwenyewe. Siku hiyo ikipita, nitauliza swali langu Mama akiwa anasikia.

Walipochimba upande wa Ruzizi, walimgusa Baba, ndiyo ao hapana? Na kama ni ndiyo, mulimuweka wapi?

Mudogo wako,
Byamungu