Fundo Lenye Masikio Ndani

Baba Ngoie, wewe uliyetangulia,

Leo nimefungua sanduku la nguo, nikakuta kile kitambaa cha maua ya buluu nilichokuwa ninafungia nguo zako za kazi. Kitu cha kwanza nilichofanya, nimekinusa. Usicheke huko uliko. Ulinioa ukijua kama mimi ni muntu wa kunusa.

Unakumbuka asubuhi zetu? Musungu wa depo yenu ya mizigo ya treni alikuwa anasimama mulangoni, anaangalia kola za bakalani wake kabla ya kuangalia uso, na kalani mwenye vumbi alirudishwa nyumbani. Na kutoka huku cité, kwetu beusi, mpaka pale mu ville, kwa Basungu, hapakuwa na njia isiyo na vumbi, lile jekundu la kiangazi linaloingia mpaka mu meno. Basi ulikuwa unapanda kinga yako, ile baisikeli nyeusi uliyoipenda kuliko mimi, umevaa kaputula ya zamani na singileti yenye matundu, na nguo za ukalani zinakaa nyuma: shati jeupe la kutiwa maji ya muhogo na pasi ya makala, patalo ndefu, viatu mu gazeti mbali na shati, burashi, taulo. Mimi njo nilikuwa ninafunga. Mafundo mawili, moja juu ya lingine, masikio yake yamesimama nje kama ya sungura. Hivyo njo mama yangu alinifundisha, na jioni muzigo ulikuwa unarudi na mafundo yale yale mawili.

Na wewe kazi yako ilikuwa mafundo. Mizigo ikishuka mu treni, unapita unaiangalia mumoja mumoja, na ule wenye fundo lililobadilishwa unauweka kando, maana kuna muntu ameufungua mu njia. Ulikuwa unajisifu tukiwa tunakula: "Muntu anaweza kudanganya. Fundo haliwezi." Ulinifundisha mwenyewe, Baba Ngoie.

Kwa hiyo jioni ile muzigo wako uliporudi na fundo moja, masikio yamefichwa ndani, moyo wangu ulifanya pa! Nilikuletea bukari, nikakuangalia unavyokula. Ulikula kidogo. Ehe, nikasema mu moyo, huyu ameshakula mahali.

Kutoka siku ile nilikuwa polisi mu nyumba yangu. Ulichelewa, ukasema vagoni zilikuwa nyingi. Fundo moja. Asubuhi shati liliondoka na kifungo kinaning'inia, nilikiacha makusudi. Jioni kifungo kimekazwa, uzi umepita musalaba, na mimi ninashona uzi wa kulala sambamba. Mu pindo la kaputula yako nilitoa zile mbegu za majani zinazoshika nguo, na kati ya depo na kwetu hakuna pori. Nilinusa shati. Halikuwa na marashi, lilinuka moshi wa kuni. Hapo njo nikaogopa zaidi, maana mwanamuke wa marashi anapita, lakini mwanamuke wa kuni amekwisha kujenga jiko.

Niseme na sababu ya uoga wangu, maana unaijua. Wakati ule nyumba yetu haikuwa na mutoto. Ngoie alikuwa amekufa kwa homa, miezi minane tu, na mimi mu uchungu wangu nilimunyoshea mama yako kidole mbele ya majirani, nikasema njo yeye aliyemula kwa uchawi. Mama aliyetoka Kongolo na treni kuja kumubeba mujukuu wake! Alikunja mukeka wake. Nilikuambia uchague, na wewe ulimupeleka gare, ukarudi ukasema amepanda treni. Sasa nilifikiri: mume aliyemufukuza mama yake kwa ajili yangu amechoka na mimi. Kama unaniacha, ninabaki na nini? Na kaburi dogo.

Mama Odile, jirani yetu mwenye kuuza mboga, njo aliyeniambia ameona kinga yako imeegemea kichuguu kwenye njia ya Kasapa, kule bantu banalima. Jioni moja nilifuatana naye kama ninaenda kununua sombe, majani ya muhogo. Kitenge nilikikaza kiunoni, tayari kwa kupigana. Nikajificha nyuma ya kile kichuguu, kirefu kuliko nyumba.

Ulikuwa umeketi juu ya kigogo na singileti yako yenye matundu. Mbele ya kibanda cha majani, muzigo wako ukiwa juu ya magoti yake, mwanamuke alikuwa anapangusa vumbi mu viatu vyako. Alikuwa mama yako. Hakupanda treni yoyote. Alifunga kitambaa changu fundo moja, akasukuma masikio ndani na kidole gumba, akakupa.

"Rudi mbio," alikuambia. "Bibi yako asibakie peke yake mu nyumba. Muntu mwenye kufiwa na mutoto haachwi peke yake na jioni."

Nilikuja kumupiga mwanamuke, na mwanamuke huyo njo alikuwa ananirudishia mume kila siku. Aibu niliyoiona pale, mpaka leo ninaiona.

Ulifika nyumbani mbele yangu. Ukauliza nimetoka wapi, nikasema nimenunua sombe. Hukuangalia sombe. Uliangalia pindo la kitenge changu, ukachuchumaa, ukatoa zile mbegu moja moja.

Asubuhi niliweka kati ya patalo na taulo kipande cha sabuni, na chumvi mu karatasi. Ulipima muzigo na mukono, ukasema tu, "Leo iko muzito." Jioni ulirudi na karanga. Tukaenda hivyo, mama yako na mimi, tunaongea kwa muzigo wako: samaki ya kukauka inaenda, viazi vinarudi, na shati lako liko katikati linapata harufu ya vyote. Musungu alilalamika kama kola yako inanuka samaki. Ulinieleza, na siku ile tulicheka mara ya kwanza tangu Ngoie. Lakini kulikuwa na neno moja nisiloweza kulifunga mu kitambaa. Siku ya Mungu moja, baada ya misa, nilikuambia: "Mulete. Mimi njo nilimuharibia jina, mimi njo nitapiga magoti mbele ya majirani bale bale."

Ulirudi unasukuma kinga kwa mukono, na mama ameketi nyuma, pale pa muzigo. Nilipiga magoti mu vumbi, Mama Odile na wengine banaangalia. Hata pale nilikuwa ninachungulia macho yake, ninatafuta hasira aliyoificha.

"Simama," akasema. "Unachafua kitenge. Nani atafua, mimi?"

Ulipokufa, sisi wawili tulikuvalisha shati la ukalani, yeye kola, mimi vifungo. Sasa naye amelala karibu na wewe, na batoto tuliopata nyuma ya Ngoie bako na nyumba zao. Mimi nimebaki na kitambaa, na shaka moja ya mwisho.

Wewe uliyekagua mafundo maisha yako yote, ulishindwaje kufungua lile la mama yako mu njia na kufunga yangu mawili? Ulijua kuyafunga. Nilikuona unayafunga siku nilipokuwa mugonjwa. Lakini jioni kwa jioni uliniletea fundo lile mpaka mukononi, ukakaa kimya, ukala kidogo, ukangojea mimi mwenyewe nitoke nikamutafute.

Ninakushuku, Baba Ngoie. Ninakushuku kama ulijua vizuri sana ni mwanamuke gani ulimuoa.

Kitambaa nimekifunga tena na kukirudisha mu sanduku, fundo langu chini, la mama juu. Pumzika muzuri. Usisukume kinga mbio, ninakuja kwa miguu.

Mimi bibi yako,
mwenye masikio nje