Sauti Niliyomsingizia Amri

Nguvumali, Tanga

Mdogo wangu Mwanamwema,

Salamu zikufikie huko Pemba, wewe na shemeji. Sisi wazima. Tausi kanikataza sukari, nami namtii mke wangu kila akiwa nyumbani.

Ile kadi ya kumbukumbu ya simu ya marehemu mama nimeiweka kwenye kompyuta. Nikakuta faili moja lisilofunguka, jina lake linaishia na "amr". Mimi na akili zangu nikajua ni binamu yetu Amri, si ndiye aliyekuwa akimtengenezea simu? Nikampigia huko Muheza kwa ukali.

"Umemwekea mama nini humu?"

"Kaka, wallahi mimi nauza machungwa tu!"

Tausi alicheka hadi akakaa chini. "Bwana, hilo si jina la mtu. Ni aina ya sauti za simu za zamani."

Nikapakua programu inayozisoma, likafunguka. Ni mama. Alidhani anakupigia, kumbe kabonyeza kurekodi.

Najua tangu maziko unajiuliza kama aliondoka na kinyongo, kwa kuwa hukuwahi kuja kumuaga. Basi msikie mwenyewe:

"Mwanamwema? Mbona kimya? Bahari imechafuka, mwanangu, usipande boti kwa ajili yangu. Nimekuwia radhi, dunia na akhera. Haya, kata wewe, mimi sijui kukata."

Nimeigeuza sauti hiyo ili ifunguke kwenye simu yako. Sikupunguza hata pumzi moja. Isikilize ukiwa umekaa.

Kaka yako akupendaye,
Badru