Mkono wa Enock

Shinyanga, 11 Machi 2023

Baba yangu, shikamoo.

Natumaini mvua imewaachia mpunga kidogo na goti la mama limepunguza maumivu. Mimi ni mzima. Mwezi huu tumeingia wodi ya upasuaji kwa mafunzo ya vitendo. Tunasimama kutwa, miguu inavimba, ila nakula na nalala.

Sikupiga simu kwa sababu ukipokea unaweka sauti ya juu, na wagonjwa wako wa mifupa barazani wanasikia yote. Barua hii nampa kondakta aiache dukani kwa Jashvant hapo Kagongwa.

Jumanne aliletwa mtu anayeitwa Enock, mchimbaji, umri miaka thelathini na moja. Tarehe 3 jiwe lilimwangukia ndani ya duara, shimo la dhahabu, huko Bugarama, likamvunja mifupa yote miwili kati ya kiwiko na kiganja, mkono wa kulia. Alipofika kwetu vidole vilikuwa vyeusi na havina joto. Jumatano amekatwa, chini kidogo ya kiwiko.

Mimi ndiye niliyeambiwa nifungue vijiti alivyofungiwa mkono. Vilikuwa saba, vya mianzi, ncha zimelainishwa kwa kipande cha chupa. Vitambaa ni vya khanga, vimefungwa mafundo mawili mawili upande wa kidole gumba. Baba, vitambaa vya namna hiyo nimekuchania tangu niko darasa la pili.

Daktari akauliza, "Nani kamfunga huyu?" Enock akajibu, "Mzee mmoja tu, simjui jina." Mimi nikaendelea kukusanya vijiti.

Naomba uniambie ilikuwaje.

Binti yako,
Zipora


Kagongwa, 19 Machi 2023

Zipora mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mama yako hajambo, goti ni lilelile. Mpunga uko kiunoni.

Huyo mtu namkumbuka. Nilimnyoosha mifupa, nikamfunga, akaondoka kwangu anaongea na anacheka. Nilimwambia arudi baada ya siku saba. Hakurudi. Mtu akiondoka kwangu mzima, yanayompata huko njiani mimi nitayajuaje?

Wewe umesoma miaka miwili na nusu. Mimi nimeunga mikono tangu hujazaliwa, na babu yako kabla yangu. Nenda sokoni uhesabu watu wanaobeba mizigo kwa mikono niliyoiunga mimi. Hospitali wanakata kwa sababu kukata hakuchukui muda.

Usiniandikie tena habari za mkono huo.

Baba yako,
Masalu


Shinyanga, 2 Julai 2023

Baba, shikamoo.

Habari za mavuno? Mama ameniambia mmepata magunia ya kutosha, nimefurahi. Mimi nilikuwa na homa wiki mbili, sasa imeisha.

Ulinikataza kuandika habari za mkono ule. Basi naandika habari za mkono wako mwenyewe. Kaa mahali penye mwanga, vua shati, ufuate kwa vidole ninayokueleza.

Bonyeza upande wa ndani wa mkono wa juu, karibu na kwapa, kati ya msuli unaotuna ukikunja na ule wa nyuma unaonyoosha. Kinachodunda hapo ni mshipa wa damu unaolisha mkono mzima. Unashuka, unapita mbele ya kiwiko, kisha unagawanyika. Tawi moja linafuata upande wa gumba, jingine upande wa kidole cha mwisho.

Neva kubwa zinazoshuka hadi mkononi ni tatu. Moja inazunguka nyuma ya mfupa wa juu. Hiyo ndiyo inayoinua kiganja. Wale watu wako waliovunjika hapo wakabaki na kiganja kinaning'inia, ukawa unawaambia ni wavivu wa mazoezi, hawakuwa wavivu. Neva ya pili inapita nyuma ya kiwiko, ile inayopiga shoti ukijigonga. Ya tatu inapita katikati na kukipa kidole gumba uwezo wa kukutana na vidole vingine.

Sasa shika hapo kati ya kiwiko na kiganja, ukunje na kukunjua vidole. Misuli yote unayoisikia ikitembea imefungwa ndani ya utando mgumu usiotanuka, kama nyama iliyoshonewa kwenye turubai. Mfupa ukivunjika, damu na maji hujaa humo ndani. Uvimbe unaongezeka, utando hautoi nafasi, na nje kuna vijiti. Damu mpya inashindwa kuingia kwenye misuli. Zikipita saa sita hivi misuli inaanza kufa, na neva pamoja nayo. Mtu anaweza kuondoka kwako anacheka, yote haya yakaanza baadaye.

Mapigo ya kwenye kifundo cha mkono yasikudanganye, yanaweza kudunda huku misuli inakufa. Shika vidole vya mgonjwa, uvinyooshe wewe mwenyewe taratibu. Akilia kuliko alivyolia siku ya kuvunjika, kata kila kitambaa hapohapo umpeleke hospitali. Usisubiri hata chai.

Sina zaidi. Msalimie mama.

Binti yako,
Zipora


Kagongwa, 5 Novemba 2023

Zipora mwanangu, marahaba.

Huku tunaandaa mashamba, mvua za kwanza zimegusa. Mama yako ana mafua tu. Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako niliisoma mara moja, nikaiweka juu ya kabati.

Alhamisi iliyopita jioni waliniletea Donatus, yule wa bodaboda, unamjua. Kaanguka barabara ya Isaka. Mkono wa kushoto, mifupa miwili, palepale. Nikamnyoosha, nikamfunga. Akalala hapa kwetu.

Ijumaa asubuhi aliamka analalamika. Kaka zake wakasema, "Mzee, mpe dawa ya kutuliza, ni maumivu ya mfupa huyu." Nikashika kifundo, mshipa unadunda vizuri. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Ndipo nikakumbuka barua yako. Nikashika kidole chake cha kati, nikakinyoosha kidogo tu. Donatus alipiga yowe mpaka mama yako akatoka jikoni. Nikachukua kisu nikakata vitambaa vyote. Kaka zake wakanifokea, mmoja akanishika mkono akasema nimezeeka, ninaharibu kazi yangu mwenyewe. Nikawaambia watafute gari. Nikapanda nao mpaka hospitali yenu Shinyanga. Pale mapokezi wakauliza nani alimfunga. Nikasema ni mimi, nikataja jina langu na la baba yangu.

Nasikia wamemwahi, mkono hautakatwa. Nilitaka kufurahi, lakini tangu siku hiyo namkumbuka Enock. Ipo habari sikukuandikia mwezi wa tatu.

Enock nilimfunga Ijumaa. Jumamosi mchana mke wake, anaitwa Nelly, alikuja kwangu kwa miguu kutoka kwa ndugu walikofikia hapa Kagongwa, mtoto mgongoni. Akaniambia, "Baba, mume wangu hajalala. Analia, anasema vidole vinaungua. Njoo umlegezee." Nilikuwa na wagonjwa wengine. Nikamwambia, "Rudi nyumbani, mayu, mama yangu. Maumivu ni mfupa unashikana." Akasimama pale muda mrefu. Nikamwambia tena, kwa sauti, mbele za watu. Akaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako,
Masalu


Shinyanga, 14 Novemba 2023

Baba, shikamoo. Mpe mama pole ya mafua. Mimi sijambo.

Donatus nilimwona siku ya pili. Walimpasua ngozi na ule utando ili misuli ipumue. Ilitoka imevimba, lakini nyekundu, na ilishtuka ilipoguswa. Ni dalili kwamba iko hai. Waliacha kidonda wazi siku nne, kisha wakakifunga. Anakunja vidole vyote.

Barua yako nimeisoma. Na mimi nina la kwangu. Jana nilimfuata daktari nikamwambia mafundo yale ya mwezi wa tatu niliyajua, ni ya baba yangu. Akanitazama. Akasema, "Miezi minane, Zipora. Tungekwenda kwa mzee siku ileile." Ni kweli. Katikati hapo umefunga watu wangapi, sijui.

Nelly anajua alichoambiwa. Enock anajua. Ni wewe tu ambaye hujalitamka mbele yao. Wamehamia Masumbwe, kwao Nelly. Ukiamua kwenda, ulizia mashine ya kukoboa iliyo karibu na kanisa.

Binti yako,
Zipora


Kagongwa, 20 Januari 2024

Zipora mwanangu, marahaba.

Mwaka tumeuanza salama. Mahindi yamestawi. Kazi ya mifupa nimeisimamisha, anayekuja namwonyesha njia ya zahanati. Wengine wananuna.

Masumbwe nimefika. Enock nilimkuta anauza karanga mbele ya mashine. Alinitambua kabla sijasalimia. Nikasema, "Enock, nimekuja kukwambia kwamba mkeo alikuja kuniita nikakataa. Mkono wako nimeupoteza mimi."

Alimaliza kufunga karanga alizoshika. Kisha akasema, "Hilo tunalijua, mzee. Mbona umekuja leo?"

Nelly alikuwa mlangoni kwao, kando ya mashine. Aliingia ndani, hakutoka mpaka nilipoondoka.

Wakati naaga, Enock akaniuliza kitu ambacho sijawahi kuulizwa. "Ule mkono uliokatwa unaniuma. Vidole vimekunja ngumi, kucha zinachoma kiganja, na siwezi kuvikunjua kwa sababu havipo. Watu wanasema nimerogwa. Wewe una dawa?"

Nikamwambia sina, ila ninaye mtu wa kumuuliza. Nakuuliza wewe.

Baba yako,
Masalu


Shinyanga, 1 Februari 2024

Baba, shikamoo. Nafurahi mko wazima. Mitihani yangu ni mwezi wa sita.

Enock hajarogwa. Neva zilikatwa, lakini ncha zake ziko hai ndani ya kile kigutu, na kichwani sehemu inayosimamia mkono bado ipo. Inatuma amri ya kukunjua, hairudishiwi jibu, kwa hiyo inaona ngumi bado imefungwa.

Kwanza aende kliniki, kuna vidonge vya maumivu ya neva. Pili, tafuta kioo kikubwa cha ukutani. Kisimamishe katikati ya kifua chake, kigutu kiwe nyuma ya kioo, mkono mzima uwe mbele. Akitazama ndani ataona mikono miwili. Akunje ngumi zote mbili, iliyopo na isiyokuwepo, kisha azikunjue polepole akitazama. Robo saa, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati. Mwambie hivyo kabla ya kuanza.

Binti yako,
Zipora


Masumbwe, 3 Machi 2024

Zipora mwanangu,

Marahaba, mayu. Nakuandikia nikiwa huku, leo ni siku ya kumi na sita. Nalala kwa fundi baiskeli. Mwili wangu uko salama, mama yako anapiga simu kila jioni.

Kioo nilikinunua kwa Jashvant. Akaniuliza, "Mzee Masalu, uzeeni ndiyo unataka kujitazama?" Nikakifunga kwenye blanketi, nikakipakata njia nzima.

Siku tano za kwanza Enock hakuona kitu. Alisema anaona mchezo wa watoto. Tatizo jingine ni kwamba kioo ni kizito kwa mzee, kinayumba, anapoteza picha. Siku ya sita Nelly alitoka ndani, akanisogeza pembeni kwa bega, akakishika yeye. Tangu siku hiyo anashika yeye, mimi nahesabu dakika.

Siku ya kumi na moja Enock alisema, "Gumba limelegea." Kisha akainamisha kichwa, tukamwacha. Vidole viwili bado vimekunjika. Kliniki wamempa vidonge, anavinywa.

Jana mchana alikwenda kuchukua karanga. Nilibaki na Nelly peke yetu kwa mara ya kwanza. Alikuwa anapepeta mchele. Bila kuniangalia akaniuliza, "Siku ile nilipokuja, ungekwenda ukakata vile vitambaa, mkono ungekuwepo?"

Nilijua naweza kusema hakuna ajuaye. Wewe mwenyewe huandika wengine hivi, wengine vile. Lakini nilimfikiria Donatus.

Nikamwambia, "Ungekuwepo."

Akaweka ungo chini. Alikaa vile mpaka kuku wakaanza kula mchele, na hakuwafukuza. Enock aliporudi, Nelly alisimama, akafuta vumbi kwenye kioo kwa pindo la khanga, akakishika mahali pake. Akaniambia, "Hesabu, mzee."

Nikahesabu.

Baba yako,
Masalu