Kamwaga Gunia la Mama wa Usafi

Shoga, acha unachofanya usome hii. Hasira bado hazijaniisha.

Unamjua yule mwenyekiti wetu wa klabu ya mazingira, Bwana Haki kwa Wote. Leo tulipanga kuokota chupa za plastiki nje ya maktaba, mimi nipige picha. Tunafika, uwanja unang'aa! Mama wa usafi alishaziokota zote tangu alfajiri, kazijaza kwenye gunia.

Unajua mwenyekiti alichofanya? Kachukua lile gunia, kalimwaga lote kwenye nyasi. KALIMWAGA shoga! Mbele ya mama wa watu!

Mama kamuuliza, "Mwanangu, kwani nimekosa nini?"

Yeye anacheka. "Sogea kidogo mama, usitokee kwenye picha."

Usitokee kwenye picha! Na kifuani kavaa fulana imeandikwa "Heshimu Kila Mfanyakazi"!

Na mimi mjinga, niliyekuwa napiga tangu anamwaga, nikaendelea kupiga. Yeye na wenzake wakaokota chupa kumi hivi, wakatabasamu, wakaenda zao kunywa soda. Zilizobaki zimetapakaa vilevile.

Nikaona hapana. Nikatuma kwenye grupu la klabu picha moja tu, ile niliyompiga akimwaga gunia.

Hazikupita dakika tano, simu hiyo. "Dada, futa, utaniharibia jina!" Nikamwambia jina lako liko huku kwenye nyasi, njoo uliokote.

Amekuja! Peke yake, kainama, jasho linamtoka. Mimi na mama tumekaa kwenye ngazi za maktaba tunamwangalia. Mama hajamtukana hata neno moja. Kila jamaa akinyanyuka kupumzika, mama anaelekeza kidole tu: "Na ile pale, mwanangu."